Mama mzima na pochi ya nanasi

Neno "mama mzima" nimelisikia sana miezi hii hapa Bagamoyo. Linasemwa stendi, linasemwa benki kwenye foleni, linasemwa hata shughulini na watu wenye heshima zao, na kila likisemwa linamwendea mwanamke aliyevaa kitu kimoja tu cha rangi, yani pochi yenye umbo la nanasi, au hereni za plastiki za kipande cha tikiti, au kroksi za njano zilizochomekwa vidude vya vikatuni, au ule mdoli wenye meno unaoning'inia kwenye mkoba. Mama mzima na pochi ya nanasi! Utadhani utu uzima una orodha ya rangi zake na njano haimo. Naona wanaosema hivyo hawajatazama vizuri, na hata wanaoitetea hii fasheni wengi wanaitetea kwa maneno ya kuazima ambayo hayatuhusu sana sisi wa pwani, kwahiyo acha niseme ninavyoliona mimi, manake hili jambo nalipenda na limenikaa moyoni muda.

Maneno ya kuazima yanasema hivi: watu wazima wa siku hizi wananunua upya utoto wao. Kwa wenzetu hilo lina ushahidi. Circana, kampuni inayofuatilia mauzo ya midoli Marekani, ilisema kwenye robo ya kwanza ya mwaka 2024 watu wazima wanaojinunulia midoli wenyewe walilipita kwa mara ya kwanza soko la watoto wa miaka 3 mpaka 5. Kroksi nazo, zilizotolewa 2002 na kampuni ya Colorado kama viatu vya watu wa boti, leo hii zina maisha mengine kabisa. Vile vidude vya kuchomeka kwenye matundu havikutoka kwa mbunifu wa Paris, alivianzisha mama wa nyumbani anaitwa Sheri Schmelzer, mwaka 2005 huko Boulder, alikuwa anapamba viatu vya watoto wake kwa maua ya kitambaa, na mwaka uliofuata kampuni ya Crocs ikainunua biashara yake kwa dola milioni 10. Mwaka 2017 Balenciaga, kampuni ya mitindo ya kifahari, wakazipandisha kroksi jukwaani Paris zikiwa na soli ndefu, na 2021 mauzo ya Crocs yakafika dola bilioni 2.3, ongezeko la asilimia 67 ndani ya mwaka mmoja, na huo ni wakati dunia inajikwamua kwenye korona, watu wamechoka na hofu, wanataka kitu laini mguuni na cha kuchangamsha machoni. Huyu mama Schmelzer nampa heshima yake, aliliona tundu la kupitisha hewa akajua ni mahali pa kuchezea.

Hata kuning'iniza vikorokoro kwenye mkoba hakujaanza jana. Jane Birkin, yule muigizaji Muingereza aliyeishi Ufaransa ambaye kampuni ya mikoba ya kifahari ya Hermès waliupa mkoba wao wa mwaka 1984 jina lake, alikuwa anautundika shanga na stika na vidude vya kila aina, haogopi, na mwaka 2025 ule mkoba wake wa kwanza kabisa uliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya euro milioni 8 ukiwa na mikwaruzo yake na alama za stika zilizobanduka. Alafu kuna Labubu, huyo mwenye meno. Alichorwa na Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, alimtoa mwaka 2015 kwenye hadithi zake zilizochota ngano za Ulaya ya kaskazini, Pop Mart ya China wakaanza kumtengeneza kama mdoli 2019, na 2024 Lisa, mwimbaji wa kundi la Blackpink la Korea, alipoanza kutembea naye kwenye mkoba basi dunia nzima ikamtaka. Juni 2025 mmoja wa urefu wa sentimeta 131 uliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya yuan milioni 1.

Sasa piga hesabu hapo. Kama Labubu kazaliwa 2015, mwanamke wa miaka 30 anayemtundika leo hakucheza naye utotoni, wala mwenzake wa New York hakucheza naye, hakuna aliyecheza naye. Kwahiyo ile habari ya kwamba tunanunua tulichokuwa nacho inavuja palepale kwenye mfano wake mkubwa kuliko yote. Mimi nadhani kinachorudi ni namna ya kumiliki: kitu kidogo, hakina kazi yoyote, ni chako peke yako, unatembea nacho kila uendako, na hakuna mtu wa kukuuliza kina faida gani.

Huku kwetu hiyo namna ya kumiliki tuliijua siku chache sana kwa mwaka, na siku zenyewe ni za Idi. Aliyekulia Bagamoyo, Pangani, Tanga au Kilwa hahitaji kuelezwa. Miwani ya plastiki yenye kioo chekundu, ukiivaa bahari nyekundu, mama mwekundu, mbuzi wa jirani mwekundu. Saa ya mkononi ambayo mishale yake imechorwa, saa nne na dakika kumi kuanzia asubuhi mpaka unalala, na bado mtu akikuuliza saa ngapi unaitazama kwanza ndio unajibu. Pete yenye jiwe la plastiki inayoacha alama ya kijani kwenye kidole. Soksi za lasi. Kipochi cha kamba ndefu unachokipitisha begani mpaka upande wa pili, asubuhi hakina kitu, ikifika adhuhuri kinalia sarafu za mkono wa Idi ulizozunguka nazo kwa shangazi, kwa mama mdogo, kwa bibi wa nyumba ya kona ambaye hata sio ndugu ila huwezi kumruka. Na midomo myekundu, manake aliyekosa lipstiki alikuwa na ubuyu, unaumung'unya taratibu mpaka rangi ikolee ndio unatoka barazani. Jioni mguu mmoja wa miwani umeshavunjika. Siku ya tatu vilivyobaki mama anavikusanya anavipandisha juu ya kabati, utavaa Idi ijayo, na Idi ijayo ikija mkono umekua saa haifungi.

Siku za kawaida tulijitengenezea. Ukuti mbichi wa mnazi ukiutoa ule uti wake wa katikati unapata saa, unapata miwani, unapata pete. Kikonyo cha jani la muhogo unakivunja vipande vidogovidogo kulia na kushoto bila kuikata ngozi yake, unapata mkufu na jani lenyewe linabaki kuwa kidani. Maua ya mkrismasi yakidondoka yanabandikwa kwenye kucha kwa mate. Hakuna mzazi aliyetufundisha hayo, tulifundishana wenyewe, na mtoto wa miaka sita alikuwa na mikufu mitatu shingoni kabla ya saa sita mchana na yote kaitengeneza yeye.

Alafu unaingia darasa la kwanza na mambo yote yanakoma.

Sketi ya bluu, shati jeupe, kiatu cheusi, kwenye shule nyingi kichwa kinyolewe, hereni zivuliwe, bangili ivuliwe, kibanio cha rangi kinaishia kwenye droo ya mwalimu na hukioni tena. Darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, kwa kizazi chetu, ilikuwa miaka 11. Sare naielewa na naikubali, inamsitiri mtoto wa asiyenacho asijulikane mbele ya wenzake, na kwa nchi yetu hilo ni jambo kubwa, nisingependa liguswe. Ila matokeo yake mengine nayo tuyaseme, kwamba msichana wa hapa anakaa bila rangi kwenye umri ule ambao ndio angejifunza kuchagua, kipi kinaendana na kipi, kipi kinamkaa, kipi kinamchosha baada ya siku mbili, na akitoka shule anakuta ofisi inamsubiri na suti ya kijivu au ndoa inamsubiri na maneno ya tulia wewe ni mke wa mtu. Hajapewa muda wa kumaliza mchezo. Mwenzake wa Ohio alicheza akamaliza, midoli ikafungwa kwenye boksi ikawekwa stoo, na saivi anafungua boksi. Huyu wa kwetu alikatiziwa katikati, kwahiyo akinunua pochi ya nanasi akiwa na miaka 38 na watoto watatu anaendelea kutoka pale alipoachishwa, na ndio maana furaha yake ni kubwa kuliko thamani ya pochi, na ndio maana lile neno la mama mzima linamuuma kuliko msemaji anavyodhani, manake ni sauti ileile ya droo ya mwalimu.

Na kuna jambo la pili ambalo ni letu kabisa, nalo ni baibui. Washauri wa mavazi wa Ulaya kila siku wanawaambia wateja wao ukitaka kidude kimoja kiongee basi nguo iwe kimya, vaa nyeusi, vaa rangi moja, acha mkoba useme. Sasa mwanamke wa Dunda au Magomeni, kata za hapa mjini, hiyo nguo ya kimya anayo kila siku, nyeusi kuanzia kichwani mpaka kwenye visigino. Sehemu zinazobaki za kuongea ni chache na zinajulikana, kifundo cha mkono pale mkono wa baibui unapoishia, vidole vya mguu, pini ya mtandio, mkoba, na kava la simu. Kaa pale stendi saa kumi na moja jioni magari ya Makumbusho, Dar, yanaposhusha watu uangalie vizuri, utaona wanawake ishirini wamevaa baibui na kila mmoja unamtambua kwa mbali kwa kitu kimoja, huyu wa bangili za machungwa tano tano, yule wa viatu vya plastiki vya waridi vinavyoonyesha vidole, yule pale wa mkoba wenye umbo la samaki. Mimi huwa nawatambua shoga zangu kwa mikoba kabla sijaona sura. Kwa mtu mwenye nafasi ndogo hivyo ya kusema, kile kidude kimoja kinachaguliwa kwa akili sana, na kosa la kukiita cha kitoto ni kudhani kimechaguliwa kwa haraka.

Na wala usinambie mwanamke mzima wa pwani alikuwa hana mambo ya rangi. Ndani ya nyumba anavaa kanga zenye majogoo na mikorosho na mananasi makubwa kuliko hiyo pochi, na hakuna anayeshangaa. Bibi zetu walikuwa na shanga za rangi nyingi kutupita sisi, kiunoni, zimepangwa kwa mpango na kila rangi ina sababu yake, sitaingia sana humo, kila aliyekuwa na somo wake anajua. Yani rangi ilikuwepo muda wote ila mtu akikua inahamishwa, mtoto anaivaa hadharani, mtu mzima anaivaa pasipoonekana. Kilichobadilika sasa ni kwamba imehamia kwenye mkoba, nje, mchana, na hapo ndipo watu wanaposhtuka.

Halafu waangalie wanaume, kwa upendo kabisa nasema. Siku ya mechi ya Simba na Yanga mzee wa miaka 60 anatoka kwake kavaa kofia ya njano na kijani, bangili ya njano na kijani, skafu kwenye joto hili letu, na vuvuzela mkononi, anapita mtaa mzima anapiga kelele. Sijawahi kusikia mtu anasema baba mzima. Kapendeza, ana timu yake. Mwanamke asiyekuwa na timu anapewa ruhusa na nani?

Ila kinachonishangaza zaidi ni kusikia haya yakisemwa Bagamoyo, mji uliolishwa na vidude vya rangi. Karne ya 19 misafara iliyotoka hapa kwenda bara ilibeba vitu vitatu kama fedha, nguo, shanga na nyaya za shaba, na shanga nyingi zilitoka Venice huko Italia, kioo tu, kidogo kama punje. Waliozipokea bara walikuwa watu wazima na walikuwa wagumu kweli kuridhika. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alipopitia hapa 1871 alikuwa amenunua Unguja magunia 22 ya shanga, na aliandika kwa uchungu jinsi ilivyokuwa lazima ujue kila nchi inataka rangi gani, nyekundu zinapokelewa Unyamwezi, nyeusi ni fedha Ugogo lakini ukivuka hapo hazina kazi, nyeupe zinapendwa Ufipa na zinadharauliwa Uzigua na Ukonongo. Ukikosea rangi umebeba mzigo wa bure mamia ya kilomita kwenye vichwa vya watu. Burton, msafiri Muingereza aliyeanzia safari yake hapa jirani, Kaole, 1857, aliandika kuhusu zile nyekundu zenye moyo mweupe kwamba mtu alikuwa radhi auache mlo wake azipate. Hao ni wafalme, wakulima, wake za watu, wanabishana kuhusu rangi ya shanga, na fasheni ilikuwa inageuka mpaka wafanyabiashara wanafilisika.

Na hapohapo nisipite kimya, shanga hizohizo zilinunua pembe na zilinunua watu, na hao watu walishushwa huku chini wakiwa wamefungwa. Kwahiyo mimi siwezi kuzungumzia shanga za Bagamoyo kama kumbukumbu tamu tu. Ninachokichukua kutoka kwenye historia hiyo ni kimoja, kwamba kitu kidogo cha rangi hakijawahi kuwa kitu chepesi hapa kwetu, kimebeba uchumi, kimebeba cheo, kimebeba msiba, na anayekitazama leo kwenye mkono wa mwanamke akaona utoto peke yake ameangalia kwa haraka mno.

Watu wanapenda kuuliza kwanini saivi, maisha magumu hivi, ndio watu wananunua hereni za tikiti? Jibu ni kwamba ndio hivyo hasa. Miaka ya 1930 Marekani uchumi ulipoanguka wanawake walivaa bangili na mabroshi ya bakelaiti, ile plastiki aliyoivumbua Leo Baekeland 1907, na umbo lililopendwa sana lilikuwa cheri nyekundu zinazoning'inia. Paris mwaka 1938, vita iko mlangoni, mbunifu Elsa Schiaparelli akatoa mavazi ya sarakasi yenye vifungo vya umbo la wanasarakasi. Na mitindo ya matunda kichwani iliyomtangaza mwimbaji Carmen Miranda mwishoni mwa miaka ya 1930 iliigwa kutoka kwa wanawake wenye asili ya Afrika wa Bahia, Brazil, waliokuwa wanauza mitaani na sinia kichwani. Hilo la mwisho lingetugusa sana sisi ambao nanasi la Kiwangwa tunalijua kwa harufu kabla halijafika sokoni. Hela ikiwa ndogo, nguo mpya hainunuliki, bangili ya buku inanunulika. Hapo sina la kuongeza.

Jambo jingine ni kuhusu ubora, na hapa naongea na wauzaji na wanunuzi wote pamoja. Vingi vya hivi vinakuja kwa jumla kutoka Kariakoo, vinashuka kwenye viroba, havina jina la mtengenezaji wala maelezo ya madini. Marekani tangu Agosti 2011 kitu cha mtoto hakiruhusiwi kuzidi sehemu 100 za madini ya risasi kwa kila milioni, na kabla ya hapo, mwaka 2010, waandishi wa shirika la habari la AP walipeleka maabara urembo wa watoto uliotoka China ukakutwa na kadimiamu nyingi, yani risasi ilipobanwa baadhi ya viwanda vilihamia kwenye sumu nyingine. Wewe utasema mimi sio mtoto. Sawa, lakini nani anakaa mapajani kwako na kuutia mdomoni mkufu wako? Mwanao. Kidude kinachoonekana pipi kinalambwa. Chuma chepesi chenye rangi inayobanduka kwa kucha mimi nakiacha dukani, bora plastiki ngumu au shanga za kioo, na mtoto mdogo akiwepo nyumbani nachagua cha kitambaa. Na yale maboksi ya kununua bila kujua ndani kuna mdoli gani nayo hayanipendezi hata kidogo, mtoto wa sekondari ananunua, anakosa aliyemtaka, ananunua tena, hiyo ni bahati nasibu imevalishwa manyoya. Na plastiki yenyewe inaishia baharini, sheria ya Juni 2019 iliondoa mifuko, haya mengine bado tunayaokota ufukweni na kandambili za miguu isiyofanana.

Kandambili hizo zina hadithi yake. Kiwayu, kule Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990 watoto walikuwa wanaziokota ufukweni wanachonga vyombo vya kuchezea, mtaalamu mmoja wa bahari, Julie Church, akawaona, akawashawishi mama zao wazikusanye, wazioshe, wazikate, na ikazaliwa kazi ambayo leo inajulikana kama Ocean Sole, twiga na tembo wa rangi kumi wanauzwa mpaka ng'ambo. Nimelileta hili kwasababu linaonyesha kitu ambacho Bagamoyo hatujakifanya, kuutazama mchezo wa mtoto wa hapa na kuuchukua kama kazi ya ubunifu. Tuna chuo cha sanaa, TaSUBa, kimejaa vijana wenye mikono. Tuna wauza urembo wa watalii pale karibu na majengo ya zamani, wana bangili zimechorwa wanyama kwa mtindo wa Tingatinga, rangi kali, nzuri mno, lakini ukiuliza zimetengenezewa mkono wa nani unakuta ni pana, nzito, hazipiti chini ya mkono wa baibui, na bei imewekwa kwa ajili ya mtalii. Mwenyeji hakufikiriwa.

Saa ya ukuti tatizo lake linajulikana, kesho yake imenyauka. Lakini ukindu haunyauki, na wanawake wa pwani wamekuwa wakiutia rangi muda mrefu tu, zambarau, kijani, chungwa, waridi, wanasuka ukili na kushona mikeka. Ukili mwembamba wa vidole viwili, uliosukwa kwa rangi tatu, ukifungwa mkononi na kuwekewa uso wa saa uliosukwa ambao mishale yake imedarizwa saa nne na dakika kumi, kila mtu wa pwani mwenye umri wangu atajua ni nini bila kuambiwa, na hakuna kiwanda cha mbali kitakachoweza kuuelewa huo mzaha. Mkufu wa muhogo unaweza kutengenezwa kwa shanga ndefu za kahawia zikipishana kulia kushoto na jani la kitambaa cha kanga chini yake. Miwani ya Idi, fremu tu bila kioo, inakuwa hereni.

Nimeongea na mafundi wa ukili wawili watatu kuhusu hiyo saa na shida waliyoiona wao sio rangi wala muda, ni kifungo. Kifungo cha chuma kinakwaruza lasi ya mkono wa baibui na kunasa mtandio, cha kamba kinalegea ukitawadha. Mmoja wao, mama mtu mzima sana, akasema kitufe cha kifuu cha nazi, kidogo, kilichosuguliwa mpaka kikalainika, na tundu la kitufe lisukwe humohumo kwenye ukili badala ya kushonewa. Upana usizidi vidole viwili la sivyo unapanda juu na kujificha, na ile ncha ya ukili ikunjwe kwa ndani ili isichome. Vipimo hivyo anavyo yeye kichwani, kinachokosekana ni mteja wa hapahapa anayekwenda kuagiza na kulipia.